Vita vya Lothar Wenzel na Kidole Gumba cha Bintiye

Nyamazeni, nyote mlio na masikio! Zimeni redio, shusheni vikombe, na wewe unayetafuna, tafuna taratibu, kwa maana nataka kusimulia kisa kikuu, kisa cha kiapo na kufuli, cha simba mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza, aliyeingia vitani Jumapili moja ya mawingu, mjini Jena, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, akapigana na adui mwenye silaha moja tu, nayo ni kidole gumba. Farasi sitawataja, kwa kuwa hawakuwapo. Upanga nao haukuwapo, isipokuwa kisu cha kukatia keki, nacho kilikuwa butu.

Ewe Subira, mama wa wote wanaongoja kompyuta iwake, njoo unishike mkono! Nipe pumzi ya kuyasema haya bila kucheka kabla ya wakati wake, maana nilikuwepo na nilicheka mno.

Shujaa wetu ni Lothar mwana wa Gerhard, mpima ardhi mstaafu, Mnyoosha Mipaka, Mlinzi wa Kufuli, Hofu ya Wadaku wa Bara Zima, mtu ambaye mkebe wake wa taka una kitasa. Mimi ni Pfeil, jirani yake wa ghorofa ya juu. Tumeishi ngazi moja miaka na miaka, tumezeeka pamoja, tumezikiana ndugu, na hadi leo yeye ananiita Bwana Pfeil na mimi namwita Bwana Wenzel, kama watu waliokutana jana wakingoja treni.

Chuki yake kwa wadaku ina asili, na hapo siweki mzaha. Alipokuwa mtoto, katika enzi za serikali ile iliyoondoka pamoja na ukuta wake, barua za shangazi yake wa upande wa pili wa ukuta huo zilikuwa zikifika na gundi mbichi, na mama yake alikuwa akizigeuza mezani kwanza bila kuzifungua, uso umemshuka, kwa kujua kwamba yuko mtu asiyemfahamu ambaye tayari amekwisha kusoma kuwa mguu wa bibi umevimba. Lothar aliyaona hayo akiwa na suruali fupi, akaapa: barua ya Wenzel haitasomwa tena na mtu asiyeandikiwa.

Basi barua pepe zilipoingia duniani, na watu wakaanza kuzituma zikiwa wazi kama nguo kwenye kamba, yeye peke yake mtaani petu aliingia katika elimu ya kufuli. Elimu yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Kila mtu ana kufuli lake na ufunguo wake. Makufuli unawagawia watu yakiwa wazi. Anayetaka kukuandikia anabana kufuli lako kwenye barua yake, na tangu hapo hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua, maana ufunguo unao wewe peke yako. Ni elimu nzuri mno. Tatizo lake ni kwamba wenzako nao wanapaswa kuijua, na wenzako wana mambo mengine ya kufanya. Kwa miaka yote hiyo Lothar, katika ngome yake isiyopenyeka, alipokea barua za kufuli kutoka kwa watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wanauliza kama kufuli limefanya kazi.

Sasa sikieni chanzo cha vita, na mwenye moyo mwepesi akae chini.

Krismasi ya mwaka juzi, binti yake wa pekee, Ulrike, alikuja kuaga. Alikuwa ameolewa na Msweden, mtu mpole anayeitwa Ekström, na walikuwa wanahamia Uppsala. Ili kumfurahisha baba yake, mtoto wa watu alitengeneza kufuli na ufunguo katika simu yake, akaja nalo mezani kama mtu aliyeleta zawadi. Lothar akasimama. Lakini kwa wenye elimu ile iko desturi: kufuli la mtu halikubaliwi hivi hivi. Lazima mkutane ana kwa ana, mwenye kufuli aonyeshe kitambulisho cha serikali, na wewe ukikagua jina na sura ndipo ulipige muhuri kwamba ni lake kweli. Na Lothar hakuwahi kuvunja desturi.

"Kitambulisho," akasema, amekunjua kiganja.

Ulrike akacheka. "Baba, acha utani. Kata keki."

"Ewe binti, damu ya damu yangu, taa ya nyumba ya Wenzel! Wangapi wamekuja na sura za wapendwa wetu, na wangapi wamedanganyika? Sheria haina jicho la baba. Kitambulisho!"

"Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukinibadilisha nepi!"

"Na nepi hazikuwa na jina."

Ulrike akakitoa kitambulisho, akakitupa kando ya keki. Lothar akavaa miwani, akasoma, akakunja uso. Kitambulisho kilisema Ulrike Wenzel, maana hakikuwa kimebadilishwa tangu harusi. Kufuli lilisema Ulrike Ekström. Na huyo mpima ardhi, aliyekuwa ameucheza muziki wote wa harusi hiyo, akamtazama bintiye akatamka, kwa sauti ya hakimu, "Ekström huyu mimi simfahamu."

Ulrike akavaa koti. Irmgard, mke wa Lothar, alimfuata hadi ngazini akimsihi, na mimi niliyasikia yote kwa kuwa mlango wangu kwa bahati ulikuwa wazi. "Niache, mama," alisema. "Akamwandikie huyo anayemfahamu." Tangu siku ile haikutoka Uppsala hata herufi moja kumwendea Lothar.

Majira ya kuchipua mwaka huu, Ulrike akajifungua mtoto wa kike, Signe. Hapo ndipo mateso ya shujaa yalipokuwa makubwa, kwa maana picha za mtoto zilianza kuingia kwenye simu ya Irmgard kwa njia ya kawaida, zikiwa wazi, asubuhi na jioni, na Irmgard hakuwa mchoyo. Mfamasia alimwona Signe. Mleta barua alimwona. Mimi nimemwona akioga, akipiga miayo, akiwa ameikasirikia soksi. Mtu mmoja tu ngazi yetu nzima hakuwa amemwona, naye ni babu yake, ambaye kila simu ilipolia alijikinga uso kwa gazeti.

"Tazama tu hii moja," Irmgard alikuwa akimwambia. "Moja, Lothar. Utakufa?"

"Macho yangu hayatamtazama mtoto wa ukoo huu aliyepitishwa uchi katika njia kuu ya mataifa!"

"Ana nguo, Lothar. Ana hata kofia."

Alikuwa hasikii. Msidhani lakini kwamba alikuwa jiwe. Siku moja tulipishana ngazini, yeye anapanda na mfuko wa viazi, mimi nashuka. Akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Bwana Pfeil. Masikio."

"Masikio yamefanya nini, Bwana Wenzel?"

"Yako namna gani? Ya mtoto."

Nikamwambia kweli, kwamba yamechomoza kidogo, kama yake. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupanda, na pale kwenye mlango wake nilimwona amesimama muda mrefu ameshika ufunguo bila kuutia. Nilimhurumia sana.

Ikafika Jumapili ya vita. Matonge ya viazi yako mezani, mchuzi unafuka, na Irmgard, Malkia wa Bakuli, mwanamke mwenye subira ndefu iliyokuwa imebakiza kipande kidogo, akapiga simu Uppsala, akaiweka simu katikati ya meza ili kila mtu asikie.

"Ulrike mwanangu, mtumie baba yako picha. Nakuomba. Kwa hilo kufuli lake."

Kwanza alisikika mtoto akiguna. Kisha sauti ya Ulrike: "Sawa. Nitamtumia. Lakini mwambie asikilize vizuri. Mtoto yuko mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika chupa. Kilichobaki ni kidole gumba. Kama kidole gumba kinaweza, picha itakuja. Kikishindwa, basi tena, asiniombe hadi huyu mtoto aolewe."

Lothar alisimama hata kiti kikaanguka. Mara nikasikia mlangoni kwangu ngumi za mtu mwenye haraka.

"Bwana Pfeil! Nahitaji shahidi. Uje na kitambulisho."

Nikaenda nacho. Mnanicheka, lakini nilitaka kuona.

Nikamkuta shujaa ameketi mbele ya kompyuta, na kifuani amekumbatia mwongozo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya wanaoanza, mnene kama tofali, wenye michoro. Akakohoa, akaielekea simu kama jemadari anayeuhutubia mji uliozingirwa.

"Ulrike! Tunaingia katika Sura ya Kwanza. Buni nywila ya maneno saba yasiyo na undugu, yenye herufi kubwa na ndogo, nukta na tarakimu, na uiandike kila utakapofungua barua!"

"Kwa kidole gumba?"

"Kwa ushujaa!"

"Baba, simu yangu inafunguka kwa kugusa kidole. Hiyo inatosha."

"Kidole!" Lothar alinguruma hata kijiko kikatikisika. "Kidole hata aliyelala anacho! Mwizi atakukuta usingizini, atakushika kidole, atafungua!"

"Nina mtoto mchanga. Usingizi ndio nini?"

Irmgard aliziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Lothar alitazama juu, akatazama chini, na maneno saba yasiyo na undugu yakaanguka katika medani, Mungu ayarehemu. Akafunua Sura ya Pili.

"Basi ufunguo wako usikae ndani ya simu. Ukae kwenye kadi ndogo ya pekee, utakayoichomeka ukitaka kuandika, na ukimaliza uichomoe uifiche mahali asipopajua mtu."

"Nitaificha wapi? Kwenye nepi? Nikishaificha nitaikumbuka? Juzi nimeiweka siagi kwenye kabati la viatu."

"Kuacha ufunguo ndani ya simu ni kuacha ufunguo mlangoni!"

"Simu yenyewe ninalala nayo, baba. Anayeitaka atanipitia mimi."

Nilimwona akiyapima hayo, maana kupima ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Akang'oa Sura ya Pili nzima, akaiweka chini ya bakuli la mchuzi. Lakini Sura ya Tatu ilikuwa ngome ya mwisho, na hapo aliapa kufia. Kila kufuli lina alama yake, herufi na tarakimu arobaini, na anayetaka hakika kwamba kufuli ni la fulani na si la tapeli aliyejiingiza katikati, husomewa alama yote na mwenyewe, moja baada ya moja.

"Soma," akasema.

"A. Saba. Tatu. F. Tis—" Signe akapiga ukelele wa kupasua vioo. "—a. Sita. D."

"Tisa au sita?"

"Tisa, halafu sita!"

"Mtoto amelia juu ya tarakimu. Haihesabiki. Tuanze upya."

"A," akasema Ulrike, na sauti yake sasa ilikuwa na meno. "Saba. Tatu. F. Tisa. Sita. D. D. Mbili. Subiri, ametapika."

"Mbili, kisha?"

"Nimesema ametapika!"

"Basi upya."

Irmgard akaliweka birika la kahawa mezani kwa kishindo ambacho wa ghorofa ya chini walikijibu kwa kugonga dari. "Lothar. Matonge yamekuwa mawe. Mjukuu wako analia. Ukisema neno 'upya' mara nyingine, mimi napanda treni naenda Uppsala, na huko nitakaa, na wewe utabaki hapa na alama yako arobaini mkale pamoja."

Hata Signe alinyamaza, pengine kwa mshangao. Lothar alikuwa akiitazama kompyuta yake, na pale kwenye kioo kulikuwa na sanduku lake la barua, lile lililolindwa kuliko yote mjini Jena, na lilikuwa tupu. Nilimwona akiliona. Tangu utotoni alikuwa akiwazuia waliofungua barua za mama yake, na alikuwa amefaulu, hakuna aliyeingia. Kazi aliifanya vizuri hata mwanawe akabaki nje.

Akaufunga mwongozo. Alipofungua kinywa, sauti ya jemadari ilikuwa imepungua sana.

"Swali moja tu. Lenye jibu ambalo tapeli hana. Bustanini kwetu, chini ya mti wa plamu, amezikwa nani?"

Ulrike akacheka puani. "Kapteni. Hamsta wangu, yule panya wa kufugwa. Nilimvika leso yako."

"Sahihi. Naam, shahidi na aandike kwamba—"

"Na kando yake kuna timazi yako ya shaba."

Lothar akageuka polepole kuielekea simu. Timazi ile ya kupimia wima, ile ya babu yake, alikuwa ameililia miaka. Alikuwa amemtuhumu nayo shemeji yake Eberhard mbele ya watu, na Eberhard hakuja tena kwao hadi alipofariki.

"Niliiweka iwe msalaba," akasema Ulrike. "Nilikuwa mdogo. Halafu mkagombana na mjomba, nikaogopa kusema. Samahani, baba."

Mimi na Irmgard hatukuthubutu kutazamana. Mishipa ya shingo ya shujaa ilisimama, uso ukaiva, nikajua sasa Uppsala itasikia ngurumo bila msaada wa simu. Lakini kilichotoka ni pumzi ndefu, na baada yake maneno haya, aliyoyasema kwa utulivu wa mtu anayepiga muhuri:

"Huyu ni binti yangu. Hakuna tapeli duniani anayeweza kunitia hasara namna hiyo. Tuma."

Kidole gumba kikagusa. Mara moja, nasema, mara moja tu! Kufuli la Lothar lilijibana lenyewe kwenye barua, likaitika, na barua ikaruka juu ya bahari ya Baltiki ikiwa imefungwa barabara, hakuna serikali, hakuna mdaku, hakuna mwenye mitambo aliyeweza kuona ndani yake hata kope. Ikatua Jena. Kompyuta ikalia kengele ndogo.

Lakini programu yake, ambayo ilitungwa na watu kama yeye, haikumfungulia. Ilimuuliza kwanza swali, kama inavyomuuliza kila mtu kwa kila kufuli jipya la mwandishi linalokuja na barua: unamwamini mwenye kufuli hili kiasi gani? Na majibu yakajipanga kwenye kioo. Sijui. Simwamini. Kidogo. Sana. Na la mwisho kabisa: bila kikomo.

Jibu hilo la mwisho, Lothar alikuwa amenieleza zamani, halipewi mtu. Katika sheria zao ni la kufuli lako mwenyewe tu, na anayempa mwingine anahesabika mjinga. Mkono wake ulisimama juu ya meza. Irmgard alikuwa amesimama nyuma yake amemshika bega, na kwenye simu tulisikia pumzi mbili, ya mkubwa na ya mdogo.

Akabonyeza la mwisho.

"Amebonyeza nini?" akauliza Ulrike.

"Bila kikomo," akasema Irmgard.

Kisha tukamsikia Ulrike akipenga kamasi, mtu ambaye ana mkono mmoja tu, sijui alipengaje.

Picha ikafunguka. Lothar alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasogea karibu na kioo hata pua ikakigusa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini katikati ya kilio akacheka, kicheko chembamba ambacho katika miaka yetu yote ya ngazi moja sijawahi kukisikia kikitoka kwake.

"Hebu nione," akasema Irmgard, akizunguka kiti.

Lothar akakifunika kioo kwa viganja viwili. "Hukuandikiwa wewe."

"Mimi ni bibi yake!"

"Wewe una picha mia nne."

"Ulrike! Baba yako ananificha!"

"Mwache, mama," ikasema simu, na sasa ilikuwa ikicheka. "Hiyo nimempiga kwa ajili ya baba tu. Hakuna mwingine aliye nayo."

Basi ijulikane katika bara lote na visiwa vyake! Ipigiwe tarumbeta, ifundishwe mashuleni baada ya somo la vita vikuu, watoto wakaririshwe tarehe yake na wanaoshindwa wabaki darasani: kwamba Lothar mwana wa Gerhard, Mlinzi wa Kufuli, aliacha maneno saba, akaacha kadi, akaacha tarakimu arobaini, asiliache kufuli lenyewe, kwamba barua moja ilitoka kwa binti ikafika kwa baba, na haikusomwa njiani na mtu yeyote, na kwamba mjini Jena yalipashwa moto matonge ya viazi mara ya pili siku ya Jumapili, jambo ambalo wapishi wa huku hawalisamehe kirahisi.

Na wajukuu wenu wakija kuniuliza picha ile ilikuwa na nini, hawatapata kitu kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, hatua mbili kutoka kwenye kioo. Nilinyoosha shingo mpaka ikaniuma, na sikuona chochote.